Chujio liwe mlangoni: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kuwapata na kuwafunda walimu

Waheshimiwa mnaoamua nani awe mwalimu,

Nafundisha hisabati shule ya msingi. Kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila mwaka naletewa wanachuo waliokuja mazoezi ya kufundisha. Wanakaa kona ya darasa langu siku mbili tatu, kisha nawakabidhi chaki. Barua hii nimeizungusha kichwani muda mrefu. Kilichonikalisha mezani kuiandika ni swali la mtoto mmoja.

Muhula uliopita alikuja binti wa mwaka wa mwisho. Mpole, nadhifu, andalio lake la somo limepigwa mistari kwa rula. Mada ilikuwa kugawanya sehemu. Akaandika ubaoni moja na robo tatu, gawanya kwa nusu. Akawaambia watoto: sehemu ya pili ipindueni, ya chini iende juu, alama ya kugawanya igeuzeni iwe ya kuzidisha, halafu zidisheni. Wakapindua, wakazidisha, wakapata tatu na nusu. Sawa kabisa. Hapo mtoto wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida humsikii sauti mpaka kengele ilie, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumegawanya. Mbona jibu limezidi tulichokuwa nacho?"

Darasa likatulia. Binti akautazama ubao, akalitazama andalio lake, kisha akanitazama mimi kule kona. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Ndivyo kanuni ilivyo. Nakilini." Wakanakili.

Simlaumu. Miaka yangu ya mwanzo nilitoa majibu ya namna hiyo mara nyingi, tena kwa sauti ya juu zaidi. Na siku mbili kabla ya kipindi kile mkufunzi wake alikuwa amekuja kumtathmini. Alikaa dakika zisizofika ishirini, akajaza fomu yenye visanduku vya sauti, mavazi, mwandiko wa ubaoni, zana na udhibiti wa darasa, akasaini, akaondoka mbio kwa sababu alikuwa na wanachuo wengine wa kuwaona kabla ya jioni. Alama alizompa zilikuwa nzuri. Katika visanduku vyote vile hapakuwa na hata kimoja kinachouliza kama huyu binti anajua kwa nini jibu limezidi.

Hesabu ile ina historia yake. Mtafiti Liping Ma aliitumia hiyo hiyo, 1¾ ÷ ½, kulinganisha walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China. Aliwataka waikokotoe, kisha watunge hadithi inayoonyesha maana yake. Matokeo aliyachapisha mwaka 1999. Kati ya walimu 23 wa Marekani, aliyetunga hadithi sahihi alikuwa mmoja. Kati ya walimu 72 wa China, walikuwa 65. Kosa lililowanasa wengi ni lile linalotunyemelea hata sisi, kwa kuwa lugha yenyewe inateleza: ukisikia "gawa kwa nusu", akili inakimbilia "gawa nusu kwa nusu", yaani gawa kwa mbili. Hadithi sahihi ni fupi. Una kamba ya mita moja na robo tatu. Unaikata vipande vya nusu mita nusu mita. Utapata vingapi? Vitatu kamili, na mwisho itabaki nusu ya kipande. Jibu limezidi kwa sababu mwanzoni ulihesabu mita na sasa unahesabu vipande.

Jambo la kuwakosesha usingizi, waheshimiwa, ni hili: wale walimu wa Marekani walikuwa wamepita chuo kikuu. Wengi wa wale wa China walisoma miaka 9 ya shule, wakaongeza miaka 2 au 3 ya chuo cha ualimu, basi. Kwa hiyo mtu akija ofisini kwenu na pendekezo kwamba dawa ni kupandisha cheti, anayehitaji stashahada aongezewe iwe shahada, mwulizeni kwanza humo ndani ya cheti mna nini.

Nitarudi kwenye China. Kwanza tuzungumze juu ya mlango.

Hakuna mfumo wa shule usiochuja walimu. Upo unaochuja mapema, kabla mtu hajashika chaki, na upo unaochuja baadaye, kwa ukaguzi, barua za onyo, uhamisho, na mtihani wa kupima walioko kazini. Ninyi kwa sehemu kubwa mmezoea kuchuja baadaye. Mlango mnauacha wazi, tena mnauacha wazi kwa namna inayodhalilisha: alama zikitosha udaktari, nenda, zikitosha uhandisi, nenda, zikitosha sheria, nenda, zisipotosha kokote, kuna ualimu. Halafu siku ya mishahara mnatukumbusha kwamba ualimu ni wito. Wito gani huo unaowaita tu waliokosa pa kwenda?

Nipige hesabu kidogo, ndiyo kazi yangu. Mwalimu akifundisha miaka 35, na kila mwaka akipewa darasa la watoto 40, mikononi mwake watapita watoto 1,400. Mkimkosea huyo mlangoni, hakuna mkaguzi atakayewarudia wale 1,400.

Ufini mnaisikia katika kila semina, najua, na wengine mmeshachoka nayo. Nivumilieni, maana huwa inasimuliwa vibaya. Tunaambiwa kule mwalimu lazima awe na shahada ya uzamili, na watu wanabeba hilo moja wanarudi nalo nyumbani. Mambo yalikwenda kwa hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walianza kuunganisha shule zao ziwe za aina moja kwa watoto wote, na wakaona mara moja kwamba shule hiyo haitasimama kwa walimu wa zamani waliofundwa katika seminari ndogondogo. Mafunzo ya ualimu yakahamishiwa vyuo vikuu mwaka 1974. Sharti la uzamili likafuata 1979. Dunia ilikuja kushtuka Desemba 2001, matokeo ya kwanza ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, yalipotoka na Ufini ikaonekana juu. Kutoka 1979 hadi 2001 ni miaka 22. Hakuna kati yenu atakayekuwa kwenye kiti chake miaka 22, na nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipo: kinachofaa kufanywa mlangoni kitavunwa na mwingine.

Leo vyuo vikuu vinavyofunda walimu wa madarasa ya msingi nchini humo ni 8 tu. Na mlango wake kwa miaka mingi ulikuwa na kufuli mbili. Kufuli la kwanza lilikuwa mtihani wa kitaifa uliojulikana kama VAKAVA: wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe makala za kitaalamu kuhusu elimu zilitolewa, kila mwombaji akazisoma, kisha akapimwa kama amezielewa. Ona ujanja wake. Haukupima ulichokariri shuleni miaka mitatu nyuma. Ulipima kama unaweza kukaa na maandishi magumu, mapya, ukayaelewa, na hiyo ndiyo kazi ya mwalimu kila wiki. Kufuli la pili ni ana kwa ana: usaili, na mahali pengine mazoezi ya kundi, ambapo wanamwangalia mtu anavyosikiliza, anavyoeleza, anavyopokea kupingwa. Katika miaka yake mizuri, kati ya waombaji kumi alipita kama mmoja.

Sasa sikilizeni sehemu isiyosimuliwa. Pasi Sahlberg, mtafiti wa kule kwao, aliangalia alama za shule za waliopata nafasi ya ualimu Chuo Kikuu cha Helsinki. Akakuta robo yao wametoka katika nusu ya chini. Wenye alama za juu kabisa waliachwa kwa wingi, hawa wakachukuliwa. Chuo kile hakikutafuta vinara wa darasa. Kilitafuta watu wanaofaa mbele ya watoto, na kilikuwa tayari kumwambia kinara wa darasa, asante, jaribu kwingine.

Nalisema hili kwa sababu kila mara mada ya mlango inapoibuka, mmoja wenu husimama na kusema tutapandisha alama za kuingilia. Pandisheni, si vibaya. Mtu asiyeweza kugawanya sehemu asiende kuifundisha. Lakini alama pekee zitawaletea mtu aliyepata A ya hisabati kwa kupindua na kuzidisha. Atasimama pale aliposimama yule binti, na atasema nakilini.

Singapore walikwenda njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuigwa zaidi na mwenye haraka. Wote wanafundwa mahali pamoja, Taasisi ya Taifa ya Elimu, ambayo tangu 1991 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang. Mwombaji anasailiwa na jopo ambalo ndani yake wamo walimu wakuu wenye uzoefu. Wengi hupelekwa kwanza shuleni kwa mkataba, kabla ya chuo, wakafundishe huku wakiangaliwa. Shule inamwona, naye anaiona shule. Wapo wanaogundua wiki ya tatu kwamba sauti za watoto arobaini haziwafai. Hao wanaondoka bila fedheha na bila kuwa wamekula miaka mitatu ya chuo. Anayepita anakuwa mwajiriwa wa wizara tangu anapoanza mafunzo, na analipwa mshahara akiwa bado anasoma. Akikatiza mkataba wake, analipa fidia. Mnaona mantiki yake? Ukijua kwamba utamlipa mtu tangu siku ya kwanza darasani kwa mkufunzi, huwezi kumchukua ovyo. Fedha inawalazimisha kuchagua vizuri.

Na hapo ndipo penye suala la idadi, ambalo mtanisamehe nikilisema bila kupamba. Vyuo vinapoachwa vidahili kila mwenye karo, vinazalisha walimu ambao hakuna atakayewaajiri. Wanakaa nyumbani miaka, wanafanya biashara ndogondogo, wanasahau walichojifunza, kisha siku moja tangazo linatoka na wanaitwa kwa pamoja. Korea Kusini wana mifano yote miwili ndani ya nyumba moja. Walimu wa msingi wanafundwa katika vyuo vikuu vichache maalumu ambavyo nafasi zake zimewekewa kikomo, kwa hiyo kwa miaka mingi kuingia kulikuwa kugumu na heshima ilikuwa kubwa. Walimu wa sekondari waliachiwa njia nyingi, leseni zikamiminika, na foleni ya wenye leseni wasio na kazi ikawa ndefu mno. Nchi moja, watu wale wale, utamaduni ule ule wa kuheshimu mwalimu. Kilichotofautiana ni upana wa mlango.

Mkiubana mlango huo, msiubane kwa upofu lakini. Jimbo la Ontario, Kanada, lilikuwa na walimu wengi wasio na kazi. Mwaka 2015 likaongeza mafunzo kutoka mihula 2 hadi 4, likaweka siku zisizopungua 80 za mazoezi shuleni, na papo hapo likapunguza nafasi za kudahiliwa kwa nusu. Kwa ubora, hatua nzuri. Baada ya miaka michache malalamiko yakageuka: shule zinatafuta walimu hazipati. Anayeshika bomba la udahili lazima awe na hesabu ya wanaostaafu na watoto wanaozaliwa, siyo hesabu ya malalamiko ya mwaka jana.

Mshahara? Ndiyo, lazima mtu aweze kuishi, na cha kuanzia kina uzito kuliko cha kustaafia, kwa sababu kijana wa miaka ishirini na moja anayechagua kazi haangalii pensheni. Ila Ufini haikuwavuta wale waombaji kwa utajiri. Walimu wake hawalipwi zaidi ya wasomi wenzao. Ninaishia hapo.

Tuingie sasa ndani ya chuo, maana chujio zuri lenye chuo kibovu nyuma yake ni hasara mara mbili: mmechagua watu wazuri mkawaharibu.

Nilivyofundwa mimi, na alivyofundwa yule binti, ni hivi. Unasoma saikolojia ya mtoto bila mtoto. Unasoma mbinu shirikishi kwa kuandikiwa imla. Unafanya mazoezi ya kufundisha mbele ya wanachuo wenzako, watu wazima wanaojifanya watoto, wanaojua jibu na wanaokuhurumia. Halafu mwishoni, kama kiitikio, wiki chache za shule halisi, na ile fomu ya visanduku.

Ufini vyuo vikuu vyake vina shule zake vyenyewe, wanaziita normaalikoulu, ambamo wanasoma watoto wa kawaida wa mtaa na walimu wake wameajiriwa kwa kazi mbili: kufundisha watoto na kufunda walimu. Mwanachuo hupelekwa humo mapema na hurudi tena na tena hadi anapohitimu, kila awamu akiongezewa mzigo. Somo linapangwa pamoja na mwalimu mlezi, linafundishwa mlezi akiwepo, kisha wanakaa kulichambua. Mlezi yule si mimi niliyepachikwa kazi hiyo kwa barua ya mwalimu mkuu asubuhi ya Jumatatu. Amechaguliwa kwa hilo, na ratiba yake ina nafasi ya hilo.

Kwa upande wangu, niseme ukweli, sijawahi hata mara moja kufundishwa namna ya kumlea mwalimu mwanafunzi. Muda niliopunguziwa ili kumlea ni sifuri. Wapo wenzangu wanaomchukulia mwanachuo kama likizo: anapofika, wao wanakwenda kunywa chai hadi atakapoondoka. Siwatetei. Lakini mmewapa sababu gani ya kufanya vinginevyo?

Na hapa ndipo narudi China, na Japani pia, kwa sababu wao wameelewa jambo ambalo sisi bado: kwamba mwalimu hamaliziki chuoni.

Wale walimu 65 hawakuzaliwa wakijua kamba na vipande. Katika shule za China walimu wa somo moja wako katika kundi linaloitwa jiaoyanzu. Meza zao ziko chumba kimoja. Wanapitia kitabu cha kiada pamoja, ukurasa kwa ukurasa, wanabishana kwa nini mfano huu umetangulia na ule umefuata, wanaingia kwenye vipindi vya wenzao. Shanghai mwalimu ana madarasa makubwa lakini vipindi vichache kwa wiki kuliko mwenzake wa nchi nyingi, ili saa zinazobaki ziende kwenye kazi hiyo. Amepangiwa pia saa 360 za mafunzo kila miaka 5. Kwa hiyo kijana aliyetoka chuo na elimu ndogo akikaa kwenye chumba kile miaka mitano, anatoka mtu mwingine.

Japani wana kitu wanachokiita jugyō kenkyū, utafiti wa somo, ambacho mizizi yake ni ya karne ya 19. Walimu wanachagua somo moja, moja tu, wanalipanga kwa wiki kadhaa. Mmoja analifundisha. Wengine wanasimama kandokando ya darasa, na macho yao hayako kwa mwalimu. Yako kwenye madaftari ya watoto. Huyu ameanzia wapi? Yule amefuta nini? Baadaye wanakaa na kuzungumza juu ya somo, siyo juu ya mavazi ya mwalimu. Hata ubao wao una adabu yake. Unapangwa kabla, unaandikwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwa kawaida haufutwi mpaka kipindi kiishe, ili mtoto aliyepotea katikati aweze kurudi nyuma kwa macho akaona alipopotelea. Mimi nafuta ubao mara tatu au nne kwa kipindi. Tangu nilipojua hili, kila nikishika kifutio nasita.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni andalio lao la somo. Letu lina safu ya kazi ya mwalimu, safu ya kazi ya mwanafunzi, na safu ya tathmini ambayo tunaijaza kabla ya kufundisha, tukisema wengi wameelewa. La kwao lina safu ya majibu yanayotazamiwa kutoka kwa watoto: watasema nini, watakosea wapi, watauliza nini, na mwalimu atafanya nini wakiuliza. Yule binti angekuwa na safu hiyo, "mbona jibu limezidi" lingekuwa limeandikwa hapo tangu usiku uliopita, na kamba ingekuwa mfukoni.

Safu moja, waheshimiwa. Kuiongeza kwenye fomu ya andalio hakuhitaji mkopo wala mshauri mwelekezi. Kujua cha kuijaza ndiko kunakohitaji chuo kizuri na wenzako wa kubishana nao.

Kuna pia mwaka wa kwanza wa kazi. Japani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mwalimu mpya wa shule ya umma anapita mwaka mzima wa mafunzo ya kazini chini ya mwalimu mlezi. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa daftari la mahudhurio, boksi la chaki, na darasa ambalo kila mwenzangu alikuwa amelikwepa. Hakuna mtu mzima aliyeingia darasani mwangu hadi mwezi wa tano, na huyo alikuja kuazima kiti. Nilichojifunza mwaka ule nilijifunza kwa gharama ya watoto wale. Baadhi yao leo ni watu wazima, nakutana nao, wananisalimia kwa heshima, na mimi nina deni kwao la msamaha ambao sijawahi kuuomba.

Najua mtakachojibu. Mtasema tuna upungufu mkubwa, madarasa hayana walimu, hatuna nafasi ya kuchagua. Ni jibu lenye uzito na sitalipuuza. Lakini hesabuni pia upande wa pili: wanaoacha kazi katika miaka ya mwanzo kwa kuwa hawakufaa au hawakusaidiwa, wanaobaki kwenye orodha ya mishahara ilhali rohoni waliondoka zamani, na watoto wanaorudia darasa. Pengo mnaloliziba kwa mtu yeyote yule linarudi kuwa pengo, safari hii likiwa na mtu ndani yake. Kama leo hamwezi kuchuja kwa kumi mmoja, chujeni kwa wawili mmoja, lakini chujeni kwa usaili na kwa majaribio ya darasani, na mwanzie chuo kimoja.

Wala sisemi mkishafanya hivyo mambo yamekwisha. Ufini ile ile, alama zake za hisabati kwenye PISA zilikuwa 548 mwaka 2006. Mwaka 2022 zilikuwa 484. Uzamili upo, shule za mazoezi zipo. Sababu zinabishaniwa, na nyingi ziko nje ya vyuo vya ualimu. Ila kuna moja inayotuhusu: waombaji wa ualimu nao wamepungua sana kulinganisha na zamani. Kazi ikiwa nzito kupita kiasi, vijana wanaiona, na mlango wenye kufuli mbili hauna maana kama hakuna anayebisha hodi. Singapore, ambayo mwaka huo wa 2022 ilikuwa ya kwanza kwa alama 575, iliwahi mapema kuweka ngazi tatu za kupanda: anayependa kubaki darasani anapanda akiwa darasani hadi kuwa mwalimu bingwa, anayependa uongozi ana njia yake, na mtaalamu wa mitaala ana yake. Kwetu mwalimu mzuri akitaka kupanda lazima aache kufundisha. Mnatuondolea walio bora kwa kuwapongeza.

Ninachoomba, basi. Kila mwombaji wa ualimu akae mbele ya watu watatu, mmoja wao akiwa mwalimu anayefundisha hadi leo, na apewe dakika kumi za kumweleza mtoto halisi jambo asilolijua. Nafasi za chuo zilingane na nafasi za ajira. Shule za kulelea wanachuo ziwe chache, zenye walezi waliochaguliwa na kupunguziwa vipindi. Mwalimu mpya asipewe mzigo kamili mwaka wa kwanza. Na ile fomu ya visanduku ichomwe, au angalau ichaniwe kisanduku cha mavazi kiwekwe cha swali la mtoto.

Yule binti, kama mnataka kujua. Mapumziko yalipofika nilimwita. Nilitoa kamba kabatini, tukaipima kwenye sakafu ya ukumbi mita moja na robo tatu, nikampa mkasi, nikamwambia akate nusu mita nusu mita. Alikata kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipobaki na kile kifupi mkononi alikitazama kwa muda, akakilaza sambamba na kimoja cha vile vitatu, kikafika katikati. Akacheka peke yake. Hakuna aliyewahi kumwonyesha, aliniambia. Shule ya msingi hapana, sekondari hapana, chuoni hapana. Kesho yake aliomba alirudie somo. Alianza kwa kumwita mbele yule mtoto wa dawati la nyuma akamshikisha ncha ya kamba.

Lilikuwa somo zuri kuliko langu lolote la wiki ile. Mkufunzi hakuliona. Fomu ilikuwa imeshasainiwa.

Jumatatu ijayo naletewa mwingine. Barua ya chuo imeshafika. Inataja jina lake na namba yake ya usajili, na inaniomba nimpe ushirikiano. Vipande vya kamba bado viko kabatini. Mmoja wenu akipenda kuja, kipindi cha hisabati ni cha pili asubuhi, na kiti kipo kule kona.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa hisabati